Milioni sita za shamba: nilipe deni la nyumba au nijiwekee ya uzeeni?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini, nina miaka 49, niliajiriwa nikiwa na 24. Mwenzangu ana 54, ni fundi wa kuchomelea, karakana yake iko Ngamiani, Barabara ya 15. Watoto ni watatu. Mkubwa anajitegemea, wa kati yuko kidato cha sita, wa mwisho kidato cha pili.

Miaka minne iliyopita nilichukua mkopo wa nyumba benki, shilingi milioni 28, riba asilimia 17 kwa mwaka, muda miaka 15. Tukanunua nyumba ndogo Mwahako, tukaachana na kupanga. Kila mwezi nakatwa 431,000 kabla mshahara haujanifikia. Mshahara wenyewe ni 1,180,000. Ikitoka PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), bima ya afya, kodi, chama na hilo rejesho, mkononi inaingia laki nne na sitini na ushei. Humo ndimo kuna chakula, LUKU, maji, nauli na michango ya shule. Mume wangu anasaidia, ila hela ya fundi unaijua: wiki hii mageti matatu, mwezi ujao kimya.

Mwezi uliopita nilikwenda kuchukua taarifa ya mkopo. Shangazi, nimeshalipa zaidi ya milioni 20, na deni limebaki milioni 25 na laki sita na kitu! Nikamwuliza kijana wa benki kama hakukosea. Akacheka, akasema, "Mama, huku mwanzoni unalipa riba." Nilitoka pale miguu haina nguvu.

Sasa imetokea kwamba sisi ndugu tumeuza shamba la machungwa la marehemu baba kule Muheza, na mgao wangu ni milioni sita. Hela haijakaa wiki, kila mtu ameshaipangia. Mume wangu anataka tumalizie vyumba viwili vya uani vilivyoishia kwenye lenta, tupangishe 50,000 kila kimoja. Anasema hajawahi kuchangia mfuko wowote, basi vyumba hivyo ndivyo pensheni yake. Mwalimu mwenzangu anasema ninunue hatifungani, yaani niikopeshe Serikali au taasisi kwa riba, na anaitaja ile ya mamlaka ya maji ya hapa kwetu yenye riba ya asilimia 13.5. Shemeji anasema nipeleke yote benki. Benki nao wamenipigia simu kwamba nimelipa vizuri, nina sifa ya kuongezewa mkopo. Na mdogo wangu wa kiume anaomba nimkopeshe milioni moja "ya haraka".

Mwenyewe nilikuwa na wazo la kuacha deni liendelee lilivyo, nistaafu kwa hiari nikifika 55 maana magoti yananisumbua, kisha mkupuo, ile hela ya kustaafu inayotolewa kwa mara moja, ulipe kilichobaki. Kuna pia kideni cha kikoba, laki tano, riba asilimia 10 kwa mwezi, nilikopa kwa ajili ya hosteli ya mtoto.

Naomba unielekeze. Hati ya nyumba ina jina langu, makato ni yangu, na usingizi unaopotea ni wangu.

Mwalimu wa Mwahako, Tanga

JIBU

Marahaba, mwalimu. Poleni kwa kuondokewa na baba.

Nianze na yule kijana wa benki, maana alikwambia kweli ila hakukueleza. Mkopo wako unatozwa riba kwa deni lililobaki. Mwezi wa kwanza kabisa ulidaiwa milioni 28, na asilimia 17 ya hizo ukigawa kwa miezi 12 ni kama 397,000. Ukalipa 431,000, kwa hiyo kilichopunguza deni ni 34,000 tu. Mwezi wa pili riba ikashuka kidogo mno, kinachopunguza deni kikaongezeka kidogo mno, na mwendo ukawa huo. Leo, baada ya miaka minne, katika 431,000 yako kama 364,000 ni riba na 67,000 ndiyo inayogusa deni lenyewe. Hakuna aliyekuibia. Lakini umeona sasa shilingi yako inakwenda wapi, na ndiyo maana jibu langu linaelekea upande wa shemeji yako kuliko wa wengine, ingawa "yote" aliyoisema siikubali.

Kabla ya benki, maliza kikoba. Laki tano kwa asilimia 10 kwa mwezi ni riba ya 50,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni 600,000, yaani riba imeupita mkopo. Mikopo ya mtaani ya kausha damu tunaitukana kila siku, lakini hesabu ya kikoba kikikopesha hivi haiko mbali nayo, ila tu hapa mnakaa kwenye mkeka mmoja na mnaitana shoga. Lipa laki tano wiki hii. Hisa zako endelea nazo kama mgao wa mwisho wa mwaka unakuridhisha, kukopa acha.

Kisha weka milioni moja na nusu pembeni, na hii usiiguse hata shemeji akipiga kelele. Hiyo ni zaidi ya miezi mitatu ya kile kinachokufikia mkononi. Mume wako akiungua mkono karakanani, au bati likiezuliwa na upepo, utapata pa kushika bila kurudi kikoba. Isiwe kwenye simu, maana ya kwenye simu huisha kwa "nitumie elfu ishirini tu". Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, unafaa kwa kazi hii: unanunua vipande, vinakua, na ukihitaji hela unaviuza na kulipwa baada ya siku chache. Zile siku chache za kusubiri zenyewe ni ulinzi.

Zimebaki milioni nne. Hizo zipeleke kwenye deni.

Nimekaa na kikokotoo nikapiga hesabu kwa takwimu zako. Bila kufanya lolote una marejesho 132 mbele yako, na la mwisho utalilipa unapofika miaka 60. Ukiingiza milioni nne sasa, na ukaendelea kukatwa 431,000 ileile, marejesho yanabaki kama 89. Umefuta miezi 43. Miezi 43 mara 431,000 ni zaidi ya milioni 18 na nusu ambazo hutazilipa. Deni linaisha ukiwa na miaka 56 na miezi mitano hivi.

Ila hapo kuna mtego. Ukipeleka hela ya ziada, benki nyingi zinaweza kukupangia namna mbili: muda ubaki uleule rejesho lishuke, au rejesho libaki lilelile muda ufupishwe. Ukinyamaza, unaweza kupangiwa ile ya kwanza, na kwa macho ya haraka inapendeza, maana makato yako yatashuka hadi kama 364,000 na utajiona umepata ahueni ya 67,000 kwa mwezi. Kwa miezi 132 ahueni hiyo jumla yake haifiki milioni tisa. Linganisha na zile 18 na nusu. Najua 67,000 si hela ya kudharau kwa anayebaki na laki nne na sitini, lakini pia najua itapotelea sokoni Mgandini bila kuacha alama. Wewe omba muda ufupishwe.

Uombe kwa maandishi. Usiende kuweka tu milioni nne kwenye akaunti ukadhani kazi imekwisha. Zinaweza kukaa pale zikisubiri kukatwa rejesho moja moja kama kawaida, na hapo hujapunguza riba hata senti. Barua iseme: fedha hizi zipunguze deni la msingi, rejesho lisibadilike, muda ufupishwe, nipatiwe jedwali jipya la marejesho lenye muhuri. Kabla ya kuiandika, soma mkataba wako uone kama kuna tozo ya kulipa kabla ya wakati na ni kiasi gani. Ikiwa ni asilimia moja au mbili ya unacholipa, bado unafaidika sana. Ukishapewa jedwali, angalia mstari wa mwisho una tarehe gani. Na ukiwa hapohapo waulize bima ya mkopo unayoilipia inafunika nini: kifo peke yake, au na ulemavu wa kudumu. Watu wengi hawajui mpaka msibani.

Hatifungani. Mwenzako hakosei kuisifu. Tanga UWASA iliuza hatifungani yake ya kijani mwaka 2024, ya miaka 10, kwa riba hiyo ya asilimia 13.5, na kwa mji wetu ni jambo la kujivunia kwamba mabomba yanajengwa kwa hela za wananchi. Lakini yeye pengine hadaiwi. Wewe unadaiwa kwa asilimia 17. Ukikopesha kwa 13.5 huku unalipa 17, kila laki moja inakupotezea 3,500 kwa mwaka. Hatifungani za Serikali za muda mrefu nazo ni hivyohivyo kwako kwa sasa: nzuri, salama, na zinasubiri zamu yake.

Sasa nije kwa mumeo, na naomba barua hii mwisomee pamoja, maana hoja yake ina uzito kuliko ulivyoiandika. Milioni sita zikizaa 100,000 kwa mwezi ni milioni moja na laki mbili kwa mwaka, sawa na asilimia 20. Kwa karatasi, vyumba vinaishinda benki. Tatizo ni kwamba karatasi haina mpangaji anayehama bila kuaga. Vyumba vikikaa vitupu miezi miwili kwa mwaka, ukaongeza rangi, kitasa na choo kilichoziba, unabaki na kama laki tisa, ambayo ni asilimia 15. Umeshuka chini ya riba ya benki, na hiyo ni kama milioni sita zitatosha kweli; mimi sijawahi kuona ujenzi unaokwisha kwa bajeti iliyotajwa mezani wakati wa chai. Halafu kuna jambo moja ambalo sidhani mmelifikiria. Vyumba hivyo viko uani, ndani ya kiwanja kilekile mlichokiweka rehani. Siku mambo yakienda mrama benki haitachukua nyumba kubwa ikawaachia vyumba vya uani.

Hata hivyo hofu yake ni ya kweli. Katika nyumba yenu wewe unajiwekea ya uzeeni kila mwezi bila kuhisi: asilimia 5 ya mshahara wako inakwenda PSSSF na mwajiri anaongeza 15. Ndiyo maana sikuoni ukiwa na haraka ya kutafuta akiba nyingine ya kustaafu. Asiye na kitu ni yeye. Na kujiunga leo na mfuko wa pensheni kwa hiari kumechelewa kwa upande mmoja: pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, miaka 15, na yeye ana 54. Hata akianza kesho asikose mwezi hata mmoja atakuwa na 69.

Kwa hiyo vyumba viwe vyake kwelikweli. Vijengwe kwa hela ya karakana, kimoja kwanza. Milango na madirisha ya chuma anatengeneza mwenyewe, na hicho ni kipande kikubwa cha gharama ambacho fundi mwingine angemtoza. Mwezi wa mageti matatu, geti moja linunue bati. Mwezi wa kimya, ujenzi unasimama, hamkopi. Kikishapata mpangaji, kodi ya chumba cha kwanza imalizie cha pili, na baada ya hapo kodi yote iingie kwenye vipande vya UTT kwa jina lake, si lako. Nasisitiza jina lake kwa sababu nimesoma barua nyingi za wazee wa kiume wanaoomba hela ya sigara kwa wake zao, na hakuna nyumba inayokaa kwa amani namna hiyo.

Suala la kustaafu ukiwa na 55. Sheria inakuruhusu, na magoti ni yako siyashindani. Lakini tazama namba kwanza. Ukiondoka na 55 utakuwa umechangia miezi 372. Kwa kikokotoo cha sasa, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni, miezi hiyo inagawiwa kwa 580 na kuzidishwa kwa mshahara wa mwaka. Kwa mwalimu aliyekuwa PSPF ya zamani, mmoja wa mifuko iliyounganishwa kuwa PSSSF, asilimia 40 ya jibu hilo huzidishwa kwa 12.5 ikatolewa kwa mkupuo, na 60 inayobaki hugawiwa kwa miezi 12 ikawa pensheni ya mwezi. Kwa mshahara wako wa leo, bila nyongeza yoyote, mkupuo unakuja kama milioni 45 na pensheni kama 454,000 kwa mwezi. Ukifika 60 ni kama milioni 52 na laki saba, na pensheni 527,000. Nenda ofisi ya PSSSF wakupigie yako halisi na wakuoneshe kama michango yote ya miaka ya nyuma imeingia. Kasoro za michango ni rahisi kurekebisha ukiwa bado kazini.

Sasa weka deni juu ya hizo namba. Ukiacha mkopo uendelee kama ulivyopanga, siku ya kutimiza 55 utakuwa bado unadaiwa milioni 17 na laki tatu. Mkupuo wa 45 unamegeka zaidi ya theluthi kabla hujanunua hata kanga ya kuagia. Na usipoumega, ukasema pensheni ilipe, basi 454,000 kutoa 431,000 ni 23,000. Elfu ishirini na tatu, mwalimu, kwa mwezi! Ukiingiza milioni nne sasa, siku hiyohiyo utakuwa unadaiwa milioni 6 na laki tatu. Hiyo mkupuo unaweza kuibeba bila kupiga magoti, na pensheni ya 454,000 isiyo na makato ya nyumba inakaribia sana kile unachoishi nacho leo.

Kama magoti yatakuruhusu kwenda hadi 60, ndio utamu wenyewe. Deni linaisha una 56 na ushei, na 431,000 inarudi mkononi. Kwa mtu aliyezoea kuishi bila hiyo hela kwa miaka kumi na moja, ni kosa kuikaribisha jikoni. Iache ikatwe vilevile, safari hii iende UTT au ikusanyike mpaka inunue hatifungani ya Serikali, ambayo mlango wake ni milioni moja. Miezi 43 ya namna hiyo ni milioni 18 na nusu kabla ya faida yoyote. Hapo ndipo mwalimu mwenzako atakuwa na haki ya kukushauri, na umpe soda.

Wakati huohuo ulizia uhamisho wa majukumu kazini kwa ajili ya magoti. Mwalimu wa darasa la kwanza husimama kutwa. Wa maktaba au taaluma hukaa. Uwe na cheti cha daktari mkononi unapokwenda kwa mwalimu mkuu, usiende na malalamiko.

Mtoto wa kidato cha sita aanze mapema kukusanya nyaraka za Bodi ya Mikopo: cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa, picha, na vingine watakavyotaka. Kila mwaka kuna wazazi wanaolia kwa sababu ya jina lililokosewa herufi moja. Asipopata mkopo, au akapata nusu, pengo hilo lisije likaangukia kwenye zile milioni moja na nusu. Kakaye au dadaye aliyejitegemea naye aambiwe mapema kwamba zamu yake inakuja.

Benki wakipiga tena kukuongezea mkopo, waambie asante. Kuongezewa maana yake mara nyingi ni kwamba deni la zamani linafungwa, linafunguliwa jipya kubwa, na wewe unarudi kwenye ule mwezi wa kwanza wa kulipa 397,000 za riba. Miaka minne uliyoteseka inakuwa kama haikuwapo.

Na mdogo wako wa milioni moja ya haraka, mwambie hela imekwenda benki. Ukiwahi keshokutwa asubuhi, hutakuwa umemdanganya.